Kaya ya Mzee Masele Ina Simu

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, na kwa kuwa kesho unaanza kupita nyumba kwa nyumba na hicho kishikwambi chako, heri uisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nimetoka mjini Isevya na kalamu mbili mfukoni, najiona msomi kwelikweli. Tulitumwa kijijini Ipole kuuliza kila kaya kama ina redio, runinga au simu, na baada ya miaka mitatu turudi nyumba zilezile kuona mabadiliko. Mkubwa wetu wa kazi alituambia kwamba vijiji visivyo na simu ndivyo vitakavyowekewa redio ya upepo kwenye zahanati, ya kuitia gari la wagonjwa. Nilijua hilo, mwanangu. Nilijua kabisa.

Kwa Mzee Masele walinikaribisha kwa asali. Nikauliza, "Simu ipo?" Mzee akajiweka sawa kitini, akasema, "Ipo." Mkewe, Mama Shija, akaguna. "Ipo sandukuni. Mtandao mpaka upande kichuguu kule shambani, na chaji mpaka..."

"Mgeni kauliza kama ipo!" Mzee akamkatiza.

Kwetu mwenye nyumba kumwambia mgeni "hatuna" ni aibu. Nami, Mnyamwezi niliyelijua hilo tangu utotoni, nikaweka tiki, nikamaliza asali yangu, nikaondoka. Nyumba zote nilifanya hivyohivyo. Redio ya upepo ikapelekwa kwingine.

Niliporudi raundi ya pili, Mama Shija hakuwepo. Uchungu wa kuzaa ulimshika, simu haina chaji, zahanati haina cha kuitia gari. Wakamkimbiza hospitali ya Sikonge kwa baiskeli, akafia njiani na mtoto tumboni. Nilimwamkia Mzee, "Shikamoo." Akasema tu, "Andika. Simu ipo."

Nikaandika, ningefanyaje? Halafu, ole wangu, nikapiga hesabu kama tulivyofundishwa, kugawa watu wa kaya kwa simu zilizopo: mwanzo watu wanne kwa simu moja, sasa mama hayupo, watatu. Kwenye ripoti kaya ile ikaonekana imepiga hatua! Nikamlilia mkubwa wa kazi tusahihishe. Akanijibu, "Raundi ya kwanza ikishafungwa haiguswi." Haijaguswa mpaka leo, na mimi nimezeeka nayo. Wala sikuombi unihurumie.

Basi nakuusia, mwanangu: usiulize tu kama kitu kipo. Uliza nani alikishika jana, alimpigia nani, na kama alipatikana. Baba akimkatiza mama, funika kishikwambi chako, umsubiri mama amalize, hata jua lizame. Sidhani kama watakaosoma majibu yako watajali. Hao nimeshawakatia tamaa. Lakini wewe jali. Mungu akulinde njiani, akupe masikio bora kuliko niliyokuwa nayo mimi, na kila mlango utakaobishia hodi, umkute mama wa nyumba hiyo yu hai.