Kadi Mia Mbili za Kihispania

Mwalimu wetu wa Kihispania alitaka tumwite Profe. Walimu wengine tuliwaita mwalimu au madamu na hakuna aliyelalamika, lakini huyu alitusimamisha dakika nzima siku ya kwanza mpaka darasa zima likasema Profe kwa sauti moja. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, saa saba ya mchana, katika joto la Bariadi. Jasho lilimtoka, naye akajifanya halioni. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nikamwona mtu mkubwa.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya mtu binafsi, nje kidogo ya mji. Mwenye shule alikuwa mfanyabiashara ambaye hakuwahi kufundisha chochote. Aliwaambia wazazi kwamba Serengeti iko hapo jirani, watalii kutoka Hispania wanapita na hakuna mtoto wa Simiyu anayeweza kuwaambia hata karibuni. Kwa hiyo wanafunzi wake wangesoma Kihispania na kuwa waongoza watalii. Kamusi hazikuwepo. Kitabu kilikuwa kimoja, na kilikaa kwapani mwa Profe. Profe mwenyewe alikuwa amefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Arusha. Hilo tulilijua baadaye. Mwanzoni alisema tu kwamba "ameishi na Wahispania", nasi tukaelewa kwamba ameishi Hispania, kama alivyotaka tuelewe.

Alitugawia karatasi yenye kichwa kilichopigwa mstari: Matarajio na Tabia za Kujisomea. Nimesoma karatasi nyingi za kipuuzi maishani, nyingine nimeziandika mwenyewe, ila ile bado inaongoza. Aliitoa kwenye mtandao, kwenye shule fulani ya nchi za watu, akaitafsiri bila kuifikiria. Usitafune bigijii darasani. Hakikisha kompyuta yako imechajiwa kabla ya kuondoka nyumbani. Sikiliza muziki wa Kihispania dakika ishirini kila siku kwenye simu yako. Simu zilikuwa marufuku, na Profe huyo huyo ndiye aliyepekua masanduku yetu kuzitafuta. Mzazi azime runinga na amsikilize mwanafunzi akisoma maneno kwa sauti kila jioni. Tulikuwa bweni. Mzazi wangu alikuwa kwetu Mwandoya, na runinga aliiona kwenye duka la vinywaji siku za mpira.

Chini kulikuwa na sehemu ya sahihi ya mzazi. Likizo fupi ilipofika niliipeleka nyumbani. Nilimkuta baba shambani, katikati ya palizi ya pamba, akaisoma akiwa amesimama, jembe limeegemea pajani. Aliisoma yote taratibu, mpaka mwisho.

"Ng'wanone," akaniita, mwanangu, kama anavyotuita wote. "Hii bigijii ni nini?"

"Ubani, baba. Ule wa kutafuna."

"Unatafuna ubani darasani?"

"Hapana."

"Sasa mbona wanakukataza?"

Niliona aibu, na nasikitika kusema kwamba nilimwonea aibu yeye, si Profe. Nikamwambia ni mambo ya kimataifa. Baba akaweka sahihi akitumia paja kama meza, akanirudishia karatasi ikiwa na alama ya kidole chenye udongo. Niliporudi shuleni niliifuta ile alama kwa kifutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Nilikuwa mwanafunzi wa mfano wa yale matarajio. Karatasi ilitaka tutengeneze kadi, upande mmoja neno la Kihispania, upande wa pili maana yake. Wenzangu walikata ishirini, thelathini. Mimi nilikata maboksi ya sabuni mpaka yakaisha bwenini, nikafikisha kadi mia mbili, zote za ukubwa mmoja, nimezifunga kwa mpira. Kaunta buku langu nililigawa sehemu tatu kama ilivyoagizwa, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, mistari kwa rula. Maneno kumi mara kumi kila jioni. Profe aliliinua daftari langu mbele ya darasa na kusema, "Hivi ndivyo lugha inavyosomwa." Nilivimba. Ukinisimamisha pale na kuniuliza nisemeje nikitaka maji, ningekuambia subiri nitoe kadi.

Jirani yangu wa deski alikuwa msichana kutoka Mwamanyili. Mrefu, mwenye kovu dogo kwenye nyusi, na mdomo usiofungwa. Kadi hakuwa nazo. Daftari lake lilikuwa na masomo matatu yaliyochanganyika humo humo. Lakini kila alichokiona alitaka kukijua kinaitwaje. Tukienda kisimani alizitaja ndoo, kamba na matope kwa Kihispania, na asichokijua alikizungushia maneno anayoyajua. Jiwe aliliita mkate wa ardhi. Nilimwambia anaharibu. Nilimwambia, kwa sauti ya Profe kabisa, kwamba lugha ina utaratibu.

Profe hakumpenda, na sababu ilikuwa ulimi. Sisi Wasukuma wengi herufi ra na la hutupa taabu, na Kihispania ni lugha inayomkomoa mtu hapo hapo. Kuna neno la nywele, pelo, la mbwa, perro, na la lakini, pero, na yote matatu yanatofautiana kwa la, ra na ra ya kukazwa tu. Profe alimsimamisha yule msichana mara nyingi kuliko mtu yeyote ayaseme hayo matatu. Yeye aliyasema yote sawasawa: pelo, pelo, pelo. Profe alicheka, akatutazama ili tucheke, nasi tukacheka.

"Huyu ana pamba mdomoni," Profe alisema. "Mtalii akimsikia atarudi kwao."

Kulikuwa pia na kibao. Kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa NIMEONGEA KILUGHA. Anayekamatwa akisema Kisukuma anakivaa shingoni mpaka amkamate mwingine. Shule nzima ilikuwa na kibao kimoja, ila Profe alitengeneza cha kwake, cha kipindi cha Kihispania peke yake. Mtu mzima, aliyesoma, alikaa chini akachonga mbao ili watoto waone aibu ya lugha ya mama zao wakati wakifundishwa lugha ambayo yeye mwenyewe hakuijua vizuri. Nimejaribu miaka mingi kumtafutia neno la huruma kwa ajili ya kile kibao. Sijalipata, na nimeacha kutafuta.

Jirani yangu alikivaa karibu kila wiki. Alikuwa akishangaa anashangaa kwa Kisukuma. Mara mbili ni mimi niliyemkamatisha. Nilikuwa nimekivaa na nilitaka kukivua, basi nikamkanyaga mguu chini ya deski, naye akasema "Yoyo!" Nikanyoosha mkono. Hakuninunia. Alikivaa, akakigeuza maandishi yaelekee kifuani, akaendelea kuandika.

Muhula wa pili mwenye shule alitangaza paredini kwamba wageni wanakuja. Dereva mmoja wa magari ya watalii, rafiki yake, angewapitisha mume na mke Wahispania waliokuwa wakitoka Serengeti kupitia upande wa Lamadi. Wangekaa saa moja tu. Kwa ajili ya saa hiyo moja tulipaka chokaa mawe ya njiani siku mbili. Profe alitufundisha hotuba ya kukaribisha, tukaikariri darasa zima, na kutoka humo nikateuliwa mimi kuisema peke yangu mbele. Jirani yangu aliambiwa akae dawati la nyuma kabisa, na asifungue mdomo.

Walikuja mchana. Mwanamke alikuwa mfupi, mchangamfu, viatu vimejaa vumbi. Mwanamume alikuwa mrefu, kavaa kofia pana ya kitambaa. Profe aliwapokea mlangoni kwa Kihispania kirefu, mikono imefungwa nyuma, kichwa kimeinama kidogo. Mwanamke alimsikiliza, kisha akamuuliza kitu.

"Sí, sí," Profe akajibu, anatabasamu.

Mwanamke akauliza tena, polepole zaidi.

"Sí, señora."

Tulikuwa tumesogezwa nyuma sote ili wageni wapate nafasi, kwa hiyo nilikuwa karibu na jirani yangu. Akaninong'oneza: "Kaulizwa tuko wangapi. Kajibu ndiyo."

Nilimwambia anyamaze. Kisha nikaitwa mbele, nikaisema hotuba yangu bila kukosea hata neno. Walipiga makofi. Mwanamke alinijia, akanishika bega na kuniuliza kitu kifupi, macho yake yako kwangu kabisa. Nilisikia hoy, leo. Hiyo ilikuwa kadi ya arobaini na moja. Mengine yalipita kama maji. Alirudia. Nikaanza hotuba upya.

Sikuwa na kitu kingine, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilifika sentensi ya tatu kabla hajaniacha bega kwa upole. Huo upole ndio uliouma.

"Ugali," sauti ikasema kutoka nyuma. "Ugali, maharage. Ayer también. Mañana también."

Mwanamke alikuwa ameniuliza nimekula nini leo, na jirani yangu amemjibu: ugali na maharage, jana pia, kesho pia. Mwanamke alicheka, akaenda moja kwa moja dawati la nyuma, na mume wake nyuma yake. Wakaanza kuongea naye. Sielewi jinsi ya kulieleza jambo hilo zaidi ya hivyo, walikuwa wanaongea. Alikosea, akapiga mikono, akachora hewani, akataja vitu kwa kuvizungushia maneno, nao wakamfuata. Profe alikuwa amesimama kando ya ubao kama mtu aliyesahauliwa stendi.

Kisha yule msichana akamgeukia mwanamume na kumuuliza, kwa heshima zote, kama ana mbwa.

"¿Tienes pelo?"

Yaani, una nywele?

Mwanamume alimtazama. Akavua kofia taratibu. Kichwa chake kilikuwa kitupu, kinang'aa kama sufuria mpya.

"Ya no," akasema. Sina tena.

Jirani yangu alielewa papo hapo alichosema. Akashika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akabweka, mara mbili, ili ajulikane alikuwa anauliza nini. Mwanamke alicheka mpaka akakaa kwenye deski, mwanamume anafuta machozi kwa ile kofia, darasa zima linacheka hata wasioelewa. Wageni waliondoka wakimpungia yeye mkono. Walipopiga picha, alikuwa katikati.

Gari lilipotoka getini Profe alimwita mbele. Alisema ameidhalilisha shule kwa kumtukana mgeni kipara. Alimvika kibao, ingawa hakuwa amesema neno hata moja la Kisukuma, akampigisha magoti kwenye changarawe mpaka kengele ya kwenda kula. Mwenye shule alipita, akamwona, akaendelea na safari yake ofisini. Mimi nilikuwa nimekaa deskini na kadi zangu. Ningeweza kusimama na kusema kilichotokea, maana wakati huo nilikuwa nimekwisha kukielewa. Nilizipanga kadi kwa alfabeti.

Mwisho wa mwaka nilipata zawadi ya Kihispania, kamusi ya Kiingereza. Yeye alifelishwa. Ripoti yake, niliyoiona kwa sababu alinionyesha mwenyewe, ilisema hajafikia matarajio: hana kadi, daftari halijagawanywa, karatasi haina sahihi ya mzazi. Alicheka, akaikunja mara nne. Januari hakurudi. Nilisikia amehamia shule ya kata huko kwao Mwamanyili. Profe aliondoka mwaka uliofuata kwenda shule nyingine kufundisha kitu kingine, na somo likafutwa. Darasa letu likawa chumba cha kompyuta, kisha stoo ya mahindi.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka mama kupima presha kwenye zahanati moja pale Mwandoya. Tulikaa kwenye benchi. Mbele yetu kulikuwa na mama wa Kitaturu mwenye mtoto mgonjwa, na muuguzi aliyechuchumaa mbele yake anaongea naye Kitaturu. Alikuwa anakosea, hilo lilionekana, maana yule mama alikuwa akimsahihisha na kucheka katikati ya shida zake. Muuguzi akarudia, akasahihishwa, akarudia tena, mpaka wakaelewana mtoto anapewa dawa mara ngapi. Aliposimama niliona kovu kwenye nyusi.

"Mwangaluka, mama," akamsalimia mama yangu kwanza. Kisha akanitazama, akapiga kelele, akanikumbatia. Nilimwuliza Kitaturu amekisomea wapi.

"Kusomea? Nawauliza tu. Wananicheka, nasema tena." Akaanza kumfunga mama kile kitambaa cha presha mkononi. "Wewe je? Ulikuwa moto wewe. Kihispania chako kimefika wapi?"

Mama akanigeukia, anasubiri kusikia sifa za mwanae.

"Nakikumbuka chote," nikasema.

Alifurahi kweli, bila hila yoyote, akasema alijua tu. Kisha akamwambia mama apumue taratibu na asiongee, kipimo kinaanza.