Filamu Niliyoisifu kwa Madam Halima

Nilitamani sana Madam Halima, mwalimu wetu wa Kiingereza chuoni Meru, aipende riwaya yangu ya kwanza. Nilikuwa nimempa muswada na bado hajasema neno. Kwa hiyo alipotuwekea filamu ya kuchambua darasani, niliapa kuipenda hata kabla haijaanza.

Jamani, ilichosha! Mzee alikaa mlangoni akiitazama mvua, na mvua ikamtazama yeye. Kando yao mbuzi alitafuna kamba yake kwa bidii.

"Umeionaje?" Madam akaniuliza ilipokwisha.

"Imenigusa moyo, madam," nikajibu, mkono kifuani.

Kisha nikamgeukia Mwenda, jirani yangu wa dawati, nikamwambia kwa Kimeru bila hata kunong'ona: "Takataka tupu. Anayejua kuigiza humo ni mbuzi peke yake."

Sikuwa na wasiwasi. Madam huvaa buibui, na Kiswahili chake hakijikwai popote, si kama chetu, basi darasa zima tulijua ni mtu wa Pwani. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwenda hakucheka. Alinikanyaga mguu.

"Kijana wangu," Madam akasema, kwa Kimeru safi kuliko cha nyanya yangu, "mimi nimezaliwa hapa hapa Meru, mjini Maua, nyuma ya soko. Hebu rudia hiyo ya mbuzi, wa nyuma hawakusikia."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Nikatamani dawati linimeze.

"Na riwaya yako niliimaliza jana," akaongeza akitabasamu. "Hiyo haina hata mbuzi."