Nilimfunga Sista kamba, mgeni akashukuru

Kosa wanalofanya wengi wanaofuga kuku ndani ya nyumba ni kumfunga kuku kamba mguuni pale mgeni anapokuja.

Leo nimelifanya mimi.

Sista ni kuku wangu mweupe. Anaishi sebuleni, na kochi la dirishani ni lake. (Msicheke. Ni msafi kuliko baadhi yenu.)

Mchana akaja Laurenti kutoka Nyakahura, jirani yangu wa enzi za kijiji cha ujamaa. Nikamfunga Sista mlangoni asije akamrukia mapajani.

Niwaeleze vijana: huku kwetu, kuku aliyefungwa mlangoni ni zawadi ya mgeni.

Laurenti alipoaga, akamfungua, akamtia kwapani.

"Mwalimu, hujabadilika! Niliporudi kutoka vita vya Kagera ulinifungia jogoo mlangoni hivi hivi. Nilimla huku nalia."

Sasa hapo ningesema nini? "Nirudishie"?

Nikamsindikiza nikitabasamu.

Mke wangu akatukimbilia na kanga mkononi. "Shemeji, chukua na shuka lake. Asipofunikwa hapati usingizi."

Laurenti akasimama. Akamtazama kuku. Akanitazama mimi.

"Huyu analala na shuka?"

"Tena kwenye kochi," akajibu mke wangu.

Alicheka mpaka akaegemea baiskeli yake, akamkabidhi mke wangu kuku. "Basi nimempokea, na sasa nakupa huyu zawadi wewe, shemeji. Jumapili narudi. Nifungieni mwingine, asiye na shuka!"

Kwa hiyo Sista si wangu tena. Ni wa mke wangu, na kochi pia.

Kama una kuku wa ndani, mfungue kamba leo.