Tuliloweka Mbegu, Meli Ikiwa Bado Nje

Naandika polepole, na mistari yangu inapanda na kushuka. Niliishia darasa la nane. Mkikuta nimekosea tahajia, nisameheni, msome tu mbele.

Msimu ule mto haukufurika, na mpunga wetu hutegemea mafuriko. Kikundi chetu cha wakulima hapa Idsowe kilikuwa kimeagiza pampu ya maji kutoka ng'ambo, ije kwa kontena pamoja na mizigo ya watu wengine. Kazi ya kumpigia simu wakala wa mizigo Mombasa nilipewa mimi, ingawa sauti hunikauka nikiongea na mgeni. Siku moja akaniambia meli imeshaonekana. Nikakimbia kwa mama.

"Loweka mbegu," nikamwambia.

Kwetu mtumbwi ukionekana, punde si punde mzigo uko begani. Nilidhani meli ni vivyo hivyo. Mama alikuwa na gunia moja la mpunga mwekundu, mbegu ya tangu bibi yake. Akaliloweka lote. Na mbegu ikishachipua haiwekeki tena, lazima iingie kwenye tope.

Siku ya nne nikapiga tena.

"Dada, meli imesimama nje ya bandari. Foleni ni ndefu."

"Si ingoje tu? Kungoja ni bure."

Akacheka. "Bure wapi! Inachoma mafuta hata ikisimama, mabaharia wanalipwa, na bandari ya mbele inachelewa kufika. Hasara hiyo kampuni ya meli imeigawa kwa kila kontena. Hata nyinyi mtaongeza."

Tuliongeza. Mama aliuza mbuzi wake wa maziwa.

Mbegu ikachipua, tukaimwaga kitaluni, na kutwa tulichota maji kwa ndoo. Kitalu kilikunywa na kukauka. Mfugaji mmoja, jirani aliyezoea kutaniana na mama, alipita akishusha ng'ombe mtoni.

"Mama, hiyo meli yenu inakuja kwa miguu?"

"Ingiza ng'ombe wako kitaluni, wale miche," mama akasema.

Alipoona hatanii, akawapitisha mbali.

Pampu ilifika wiki ya tatu, na inavuta maji vizuri, ila miche ya mama ilikuwa imeshakauka yote. Wenzetu wamepanda mbegu za dukani. Mama hajanilaumu. Akipika wali wa mchele wa dukani anatupakulia, yeye anasema ameshiba.

Nimeuliza Minjila, nimeuliza Garsen, mbegu ile sijaipata. Kama kwenu bado mna mpunga mwekundu, wa punje ndefu zenye ndevu, tafadhali niandikieni. Hata kikombe kimoja nitakifuata.