Siku Niliyohamisha Mursik ya Mama

Afadhali mlisikie hili kutoka kwangu kabla hamjalisikia kwa watu wa Sosiot, maana huko wanalitia chumvi: ndiyo, mimi ndiye yule mama aliyemwagia dada yake mursik, yale maziwa yetu ya kulala kibuyuni, mbele ya pastor, majirani na simu za vijana wa ukoo mzima, na video ikawa imefika Chepilat kabla sijapata kitambaa cha kupangusia. Sikatai. Aibu niliipata, ila huwezi kuielewa aibu yenyewe kabla hujaielewa nyumba, kwa hivyo acheni nianzie kwenye nyumba.

Nyumba yangu ni nzuri. (Mume wangu Wesley ananiambia nisianze hivyo, eti hapo ndipo balaa lote lilipoanzia, lakini ni nyumba yangu na ni nzuri.) Tumeijenga polepole, bonasi ya chai ikitoka tunapandisha ukuta, bonasi ikiwa mbaya tunautazama ule ukuta na kuupa pole, huku tukiishi kwenye nyumba ya mabati pale kando na watoto wakikua hadi vitanda vikawa vifupi. Mwishowe, Desemba iliyopita, nyumba ikaisha: vigae vya rangi ya krimu sebuleni, madirisha makubwa yanayokuonyesha majani chai hadi kule mtoni, na sofa za krimu vilevile, ambazo Wesley alisema tusizitoe nailoni hadi wageni waende, nami asubuhi ya siku yenyewe nikaitoa yote, kwa sababu mtu hanunui sofa ili wageni waketi juu ya nailoni.

Kuhama kwetu kuliangukia wiki ileile ambayo dada yangu Chepkoech alikuwa anarudi. Huyo ndiye kitinda mimba wa kwetu, nesi huko Ujerumani, na tangu aondoke alikuwa hajakanyaga nyumbani, tulikuwa tunamwona kwenye simu tu, picha ikikwama akiwa amefungua mdomo. Kwetu ni Ndanai na Mama bado anaishi hukohuko, na alitaka mtoto wake apokelewe mlangoni kwake. Mimi nikasema hapana, aje kwangu, kuna nafasi, kuna choo cha ndani, pastor ataibariki nyumba na kumpokea mgeni kwa mpigo mmoja. Nilimpigia Mama simu asubuhi na jioni mpaka akachoka, akakubali kwa sharti moja.

"Sawa, tutakuja kwako," akasema. "Lakini mursik nitampea mimi, na kibuyu ni ile yangu. Nilimwahidi."

Ahadi hiyo sote tuliijua. Siku Chepkoech anasafiri, Mama alimnywesha mursik kutoka kwenye kibuyu chake na kumwambia kwamba akirudi, hichohicho ndicho kitakachomlaki. Na Chepkoech kila akipiga simu alikuwa haulizi nyama wala nini, anauliza kama kibuyu bado kipo.

Basi nikaenda Ndanai kuchukua meza niliyoachiwa na marehemu baba, na Mama akanikabidhi kibuyu kikiwa kimejaa. Alikuwa amekisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet kama kawaida, akachemsha maziwa, yakapoa, akayamimina, akafunika. Akaniambia nikiweke mahali penye baridi, nisikifungue, yeye atakuja na mjomba siku ya sherehe. Nikakifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria.

Sasa, njia nzima nakitazama kile kibuyu. Jamani, kilikuwa kizee. Cheusi, ngozi ya kifuniko imejikunja, na shingoni kina mshono wa kamba pale Chepkoech alipokiangusha akiwa mtoto, Mama akakitoboatoboa na kukishona. Nikaanza kuwaza picha zitakazopigwa. Pazia jipya, vigae vipya, Chepkoech na koti lake la Ujerumani, halafu katikati yule mzee mweusi aliyeshonwa shingo. Nikiwa katika mawazo hayo nikafika pale kando ya barabara wanapouza vitu vya mapambo, na hapo kilikuwa kimetundikwa kibuyu kimezungushiwa shanga nyekundu, nyeupe na za buluu kutoka shingo hadi makalio, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Nikasimamisha gari.

Yule dada muuzaji alikuwa mkweli, namshukuru hadi leo. Aliniambia, "Mama, hii ni ya kuweka kwa ukuta." Nikamjibu najua. Nilijua kabisa. Nilifikiri tu kwamba kibuyu ni kibuyu.

Nyumbani, Wesley akiwa ameshaelekea Nairobi kumngoja mgeni uwanja wa ndege, nikahamisha mursik. Ilitoka vizuri ile nyepesi, lakini shingo ya kibuyu kipya ilikuwa nyembamba, kwa hivyo ile nzito ya chini ikagoma kupita. Nikaiacha humohumo, nikakirudishia kibuyu cha Mama kifuniko, nikakificha stoo nyuma ya mtungi wa gesi. Nilikuwa hata nimeshika sabuni ya vyombo nikioshe (kibuyu cha mursik hakiguswi na sabuni, mnaojua mnashika kichwa, najua), halafu simu ikalia, Wesley anauliza kama ule mwavuli mkubwa uko wapi, nikasahau. Kusahau huko ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri wiki ile.

Siku ikafika. Hema limejaa, chai inapikwa kwa sufuria za kanisa, wali, kuku, mbuzi wawili. Asubuhi niliona kibuyu changu cha shanga kimeacha duara dogo la maji juu ya meza ya marehemu baba. Nikasema ni jasho tu. Nikakipangusa, nikaivuta ile kamba ya kifuniko nikaikaza kabisa, nikakisogeza karibu na jiko kikauke. Mtu angenilipa nikiharibu nisingefanya zaidi ya hapo.

Mama akaingia. Akayazungusha macho sebuleni, akagusa ukuta, akagusa pazia, akaniambia, "Umejenga, mtoto yangu," na kwa kweli nikataka kulia, kwa sababu Mama si mtu wa kusifu. Halafu akauliza kibuyu chake kiko wapi. Nikasema kimepumzika, nitakileta wakati ukifika. Huo haukuwa uongo, kilikuwa kimepumzika kweli, ila mnajua na mimi najua.

Honi zikapigwa langoni. Chepkoech akashuka, mnene kidogo, mzuri, koti la rangi ya mchanga hadi magotini, na akina mama wakaanza kuimba kutoka barabarani hadi mlangoni. Pastor akaomba, akaibariki nyumba chumba kwa chumba (hata choo cha ndani, niliomba mwenyewe). Kisha watu wakajibana sebuleni, Chepkoech akakalishwa kwenye sofa, simu zikainuliwa, nami nikatoka jikoni nimekibeba kile kibuyu mikono miwili kama naleta kombe.

Watu wakashangilia. Mama hakushangilia. Alikitazama, akanitazama, akanyoosha mikono apokee, na hapo ningeweza bado kujiokoa. Lakini kijana mmoja akasema, "Auntie, tingisha kwanza, natoa video," na mursik hutingishwa kabla ya kumiminwa, kila mtu anajua, kwa hivyo nikageukia simu, nikatabasamu na kutingisha.

Kilitoa sauti kama ya kizibo cha soda. Makalio yakaachana na kibuyu (yalikuwa yamegandishwa kwa gundi chini ya shanga, nilikuja kuyachunguza baadaye), na mursik yote ikashuka kwa mkupuo mmoja juu ya koti la Ujerumani, juu ya sofa, juu ya viatu vya pastor, juu ya vigae, na shanga zikawa zinaruka sakafuni tik tik tik mpaka chini ya kabati. Mimi nimebaki nimeshika shingo. Kwenye video naonekana bado natabasamu.

Jirani yangu Mama Akinyi, ambaye ni mtu wa Kisumu na mumewe yuko kiwanda cha chai, akauliza kwa sauti ya chini kama ndivyo tunavyobariki. Wengine wakacheka kwa kukohoa. Chepkoech alikuwa amekaa tu, maziwa yanamchuruzika hadi mikononi, na nilipoona uso wake nikajua hakukasirikia koti. Alikuwa ametazama zile shanga akaelewa kwamba kile hakikuwa kibuyu chake.

Mama ndiye aliyesema. "Kibuyu yangu iko wapi?"

"Iko stoo, Mama. Nyuma ya gesi."

"Umeosha?"

"Sijaosha."

Akaenda mwenyewe. Tulimsikia akisukuma mtungi. Akarudi na yule mzee wake mweusi, akakitikisa karibu na sikio, akaketi kando ya Chepkoech pale palipolowa bila kujali gauni lake la sherehe. Akafungua. Ile harufu ya moshi na maziwa ikajaa nyumba yangu mpya pembe zote, ikashinda rangi, ikashinda vanishi. Akaitoa ile nzito iliyokuwa imebaki chini, polepole, akikipigapiga ubavuni kwa kiganja, na ikajaza kikombe kimoja na hakuna zaidi.

Chepkoech hakuchukua kikombe kwanza. Alishika shingo ya kibuyu, akapitisha kidole gumba kwenye ule mshono, kamba kwa kamba. Ndipo akanywa yote, akapangusa mdomo kwa mkono wa koti lililokwisha kuharibika, akamwegemea Mama na kulia kama mtoto. Akina mama wakaanza kuimba upya, na mimi nikaimba kwa nguvu kuliko wote, nikiwa bado na shingo ya kile kibuyu cha shanga mkononi, nikiona fahari ambayo sikuistahili, fahari ya kuwa mtoto wa huyo mwanamke.

Baadaye Mama akanivuta jikoni. Hakunigombeza. "Nyumba yako ni mzuri sana," akasema. "Ni mahali ya kuweka kibuyu tu sijaona."

Ule msumari wa katikati ya ukuta wa sebule nilikuwa nimeutenga kwa saa kubwa ya dhahabu. Saa iko chumbani. Msumarini kuna kibuyu kipya, kidogo, hakina hata ushanga mmoja, Mama alinikatia mwenyewe akanifundisha tena kukisugua, na naapa mbele yenu kwamba maziwa yakishaingia humo hayatahamishwa kwenda popote isipokuwa mdomoni mwa mtu. Na sofa ina doa jeusi la ule mkaa wa mursik upande wa kushoto ambalo halitoki, nimejaribu kila kitu. Wageni wakija siku hizi nawakalisha hapohapo kwanza, nawaonyesha, halafu ndipo nawatembeza chumba kwa chumba, kwa sababu nyumba yangu, hata mkicheka, bado ni nzuri.