Kiungo cha Kwanza Huvunjwa

Ipo Jumamosi moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na nitakusimulia kabla hujaituma hiyo video yako ya kufundisha watu kutengeneza stuli. Usininunie. Stuli yenyewe ni nzuri, na mie nimeikalia. Ila kaa kidogo unisikilize, maana mie nilikuwaga mwalimu kabla sijamaliza kuwa mwanafunzi, na nusura niumize watoto wa watu.

Enzi hizo nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, karani katika ofisi moja Mikocheni, nimepanga chumba Kawe. Useremala haukuwa riziki yangu, niliupenda tu. Wenzangu wakitoka kazini wanakwenda saluni, mie nakwenda kwenye karakana ya Mzee Mchopa, Mmakonde wa Newala, nikashike randa. Watu wakasema yule dada wa Lindi kachanganyikiwa. Niliwaacha waseme. Harufu ya ubao wa mninga uliotoka kupigwa randa ilinitosha.

Mzee Mchopa alifundisha polepole, na alikuwa na sharti moja. Ukijifunza kuunga mbao mbili, ncha ya ubao mmoja unaichonga ulimi, na ubao wa pili unautoboa tundu la kuupokea ulimi ule. Sasa kiungo chako cha kwanza hukitumii popote. Unakiacha gundi ikauke, kisha unakivunja mwenyewe kwa nyundo uone ndani. "Kwa nje kila kiungo kizuri," alikuwa akisema. "Kavunje, uniletee vipande." Mpaka umletee vipande ndipo anakuruhusu kumfundisha mwingine.

Mie changu sikuweza kukivunja. Kilifunga vizuri mno, hata unywele haupiti. Nikakiweka juu ya kabati ili kila mgeni akione. Kisha, Mungu anisamehe, nikaokota vipande vya kiti kibovu kwenye jalala la mtaani, nikampelekea mzee. Akavigeuza, akanitazama, akasema, "Haya." Nikaondoka kifua mbele. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mie nikaanza kujitembeza.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Mwalimu Jofrey, Msukuma mpole sana, baba wa mapacha wa miaka mitano, Kulwa na Doto. Tulikuwa majirani pale Kawe kabla hajahamia kwake Bunju, kwenye nyumba ambayo bado inajengwa, vyumba viwili tu ndivyo vimeezekwa. Naye alipenda kazi za mikono, akataka kuwatengenezea watoto kitanda cha ghorofa ili waenee. Nilimfundisha jioni tatu. Akaniuliza, "Dada Somoe, tundu liende ndani kiasi gani?" Nikamjibu bila hata kupepesa macho, "Hapo panatosha." Ukweli ni kwamba langu nililichimba mpaka pale patasi iliponichosha.

Basi Jumamosi hiyo nilikuwa nafagia chumba. Nikasogeza kabati, kile kiungo kikaanguka sakafuni na kuachana vipande viwili. Kuanguka mara moja tu, mwanangu. Nikaviokota. Ulimi wenyewe mfupi kama kucha ya kidole gumba, tundu halikwenda popote, na gundi imejikaukia pembeni bila kushika kitu. Miezi yote ile nilikuwa nawaonyesha wageni ganda.

Kilichonijia kichwani ni wale mapacha. Wiki iliyotangulia Jofrey alikuwa amenitumia salamu kwamba kitanda kimesimama, na Doto kashadai kulala juu. Simu ya kumpigia hakuna, enzi zile simu ya mkononi ilikuwa ya wakubwa. Na sikufichi, wazo lililofuata lilikuwa la aibu yangu: nikienda nitasemaje? Kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa hajui? Nikakaa na vipande mkononi nikabishana na nafsi yangu, utadhani kuna cha kubishania. Kisha nikajifunga khanga, nikavitia vipande kwenye kikapu, nikaenda Bunju. Njia nzima niliomba dua, hata maneno yake sikuyapanga.

Nilipofika uani nikasikia kishindo ndani, kisha mtoto akapiga ukelele. Sikubisha hodi.

Kulwa na Doto walikuwa wanarukaruka juu ya godoro, na godoro liko sakafuni. Mbao za kitanda zimefunguliwa zote, zimeegemezwa ukutani, na Jofrey ameketi kando yazo na patasi mkononi, ananishangaa.

"Dada Somoe, kwema?"

"Watoto wamelala humo?"

"Bado. Nilipanda mie kwanza, na uzito wangu huu. Nikasikia kinalialia. Nikakifungua nione ndani."

Nikakaa pale pale chini. Nililia, kisha nikacheka, na Doto akaja kunichungulia usoni kama mgonjwa. Sijawahi kushusha pumzi vile tangu nizaliwe. Nikatoa vipande vyangu nikamweleza Jofrey yote, hata habari ya jalalani. Yeye naye akainamisha kichwa. "Nimejua tangu Jumatatu," akasema. "Niliona haya kukuambia, dada. Nilihofia utavunjika moyo." Hebu ona mambo hayo. Mie naficha ujinga wangu, yeye ananifichia, na wiki inayofuata nilishaahidi kumfundisha mtu mwingine.

Kesho yake, Jofrey alipotoka kanisani, tukaenda wote kwa Mzee Mchopa. Nikamwamkia shikamoo, nikamwekea vipande mezani. Akavishika.

"Huu sasa ndio mninga wangu," akasema. "Vile ulivyoniletea vilikuwa mkongo. Nikajisemea, huyu binti ana uganga, nampa mninga unarudi mkongo."

Jofrey alicheka mpaka akashika mlango. Mie nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mzee hakunifokea. Alisema kukosea ni sehemu ya kazi, yeye mwenyewe amevunja viungo vingi kuliko alivyouza, ila kosa lililofichwa likishafundishwa linakwenda kwenye nyumba za watu usiowajua. Kisha akaongeza, "Na mie nimekosa, binti yangu. Nilijua, nikakaa kimya nikingoja useme. Sikujua kwamba umeshaanza kufundisha. Nisamehe."

Mzee wa umri ule, kuniomba radhi mie! Aibu yote ikanitoka. Akatupa mbao, tukachimba matundu upya, ulimi ukazama theluthi mbili ya ubao. Gundi ilipokauka siku ya pili tukavunja mbele yake, na ndani kulikuwa kumejaa. Kitanda kikaungwa upya, na mapacha wakakilalia mpaka miguu ikawa inatokeza.

Sasa mwanangu, sikukatazi kufundisha. Fundisha, tena usiwe mchoyo. Lakini vunja kwanza stuli moja uone ndani yake, na watu wauone mvunjiko huo pamoja na ile nzuri. Mficha uchi hazai. Ukigundua kwamba umefundisha vibaya, usikae kutafuta maneno mazuri, nenda na aibu yako hivyo hivyo. Na ukiona mwenzio amekosea, mwambie, kumstahi kwa kunyamaza si kumpenda. Mie niliokolewa na baba aliyepanda kitandani kabla ya wanawe. Huko unakoituma video yako, wewe hutajua nani amepanda kwanza.

Nenda, Mola aibariki mikono yako. Akupe subira patasi inapochosha, akupe na kinywa chepesi cha kusema nimekosea, na kila atakayekalia kitu ulichofundisha, ainuke salama.