Maganda Aliyoyaponda Pauline

Pauline aliletwa Dubai kutoka Nairobi kulinda geti la klabu ya kulenga shabaha, njia ya kwenda Hatta. Getini hakukaa sana. Mzee Gervas, fundi Mtanzania wa karakana, alimwona ana mkono mtulivu, akamfundisha kazi yake: kuchukua maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, kuyalainisha shingo kwa moto, kisha kuyabana kwenye kalibu mpaka yaenee bunduki ya kipimo kingine. Gervas aliporudi kwao Singida, meza ikawa ya Pauline.

Mteja mmoja, Mohannad, alikuwa na bunduki ya marehemu babu yake. Risasi zake hazitengenezwi tena popote, hivyo maganda yake yalifinyangwa pale. Siku Pauline alipokuwa mapumzikoni chumbani kwake, mtaa wa Al Nahda, Adib, msimamizi wa karakana, aliyachoma mwenyewe kwa pupa. Moto ukashuka hadi kwenye kitako cha ganda. Kitako kikilainika, ganda linaweza kupasukia usoni mwa mpigaji. Adib alilijua hilo vizuri kabisa.

"Jaza baruti," alimwambia Pauline asubuhi. "Mteja yuko njiani."

"Haya yameharibika, sir."

"Nimeona. Yatavumilia. Yalla!"

"Sijazi."

"Basi nitajaza mimi, na wewe utarudi getini kuchomwa na jua."

Pauline alilibana ganda la kwanza kwenye jiliwa, akazungusha mkono wa chuma hadi likawa bapa kama chapati. Akachukua la pili. Adib alipiga kelele, akamtaja kafeel, mdhamini wa viza yake, akatishia kumkatia tiketi ya Nairobi. Pauline aliendelea kuponda mpaka sahani ya maganda ikabaki tupu.

Mohannad alifika akawakuta wamekabiliana. Pauline akamweleza mbele ya Adib, bila kumung'unya maneno: maganda yalichomwa vibaya, ameyaponda yeye, na angeyaponda tena. Mohannad alikasirika, maana alikuwa amealika ndugu zake waje waisikie bunduki ya babu ikilia. Akaondoka bila kuaga.

Siku hiyo hiyo Pauline akarudishwa getini. Jua la Agosti lilimbabua shingo. Wenzake wakamshauri aombe msamaha.

"Nimwombe msamaha kwa kosa gani?" akawauliza.

Majuma yakapita. Mohannad akaja kuchukua maganda mapya, akamkuta getini ndani ya sare. Akashusha kioo.

"Haya ya sasa umeyafinyanga wewe?"

"Hapana, sir. Mimi niko hapa."

Mohannad akageuza gari palepale.

Kabla ya adhuhuri Adib alikuja kwa miguu, jasho likimtoka.

"Rudi karakana. Tusahau yaliyopita."

"Nitarudi, lakini sisahau. Nikisema ganda ni la kutupwa, linatupwa. Hakuna wa kunipinga, hata wewe."

Adib alitazama barabara, akatazama viatu vyake.

"Khalas," akasema. "Iwe hivyo."

"Sema mbele ya wenzangu."

Adib akawageukia walinzi waliokuwa kivulini, akalisema sharti la Pauline neno kwa neno.